Mama wa Nyuma ya Pazia

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na mashamba yao, Kindi alishuka kutoka milimani kwenda bondeni kutafuta kazi. Kwao, wanangu, kijana akishaweza kupasua njugu mwenyewe, mama humfungia kifurushi, na kitanda chake hupewa wadogo zake. Kurudi hakuna.

Bondeni mambo ni mengine. Huko kijana hukaa kwao mpaka aote ndevu, na siku ya kuanza kazi mama humshika mkono akamkabidhi kwa tajiri. Basi Kindi alipopiga hodi kwa Bwana Kiboko, mwenye mashamba ya mpunga, aliulizwa swali moja tu.

"Nani amekuleta?"

"Nimekuja mwenyewe."

Kiboko akamtazama juu mpaka chini. Wa peke yake huyu, akasema, bila shaka kwao wamemfukuza kwa wizi. Mlango ukafungwa, paa! Kila nyumba ikawa vile vile, na njaa ikaanza kumuuma Kindi.

Sasa Kindi si mjinga. Akajenga kibanda cha nyasi, akatundika pazia, akamwita Kiboko. Mama amefika, akamwambia, ila safari imemvimbisha miguu, hawezi kutoka. Kindi akajipenyeza ndani, chupu, eti amkalishe mama! Mara sauti kavu ya kizee ikatoka nyuma ya pazia.

"Bwana Kiboko, nakukabidhi mwanangu."

Kiboko, na ukubwa wake wote, akainamisha kichwa. Kesho yake Kindi akaanza kufukuza ndege shambani.

Akala, akashiba. Lakini kila jioni alirudi kwenye kibanda kitupu, na kwa jirani wanacheka na kugombania ukoko. Upweke ukamkaba. Akawa analisalimia pazia, eti majirani wasikie. Mwisho akawa analisimulia kila kitu, mvua ya leo, mwiba uliomchoma, kisha anajijibu kwa ile sauti ya kizee.

Jioni moja akasema, "Shikamoo, mama," akavuta pumzi ajijibu.

"Marahaba, mwanangu," ikasema sauti nzito mlangoni.

Kumbe ni Bi Kiboko, mke wa tajiri, ameleta uji wa mgonjwa. Akafunua pazia, akaona kitanda kitupu. Kindi akajua kazi imekwisha, akaanza kufunga kifurushi chake huku analia.

"Kaa unywe uji," akasema Bi Kiboko. "Kesho nitakushika mkono, nikukabidhi mimi."

Basi wanangu, kijana akipiga hodi kwenu peke yake, mkaribisheni kwanza, ya nani kamleta mtauliza baadaye.