Makaburi ya Kiwanja cha Juu

Tuseme palikuwa na mji mdogo wa milimani, na katika mji huo gereza kuukuu la matofali mabichi. Mwaka mmoja mvua ilinyesha mpaka ukuta wa nyuma ukalala chini. Hakuna mfungwa aliyetoroka, lakini gereza bila ukuta si gereza. Halmashauri ya mji ikakaa, ikaamua kwamba wakati ukuta unajengwa upya patafutwe mahali pa gereza la muda: mabati, seng'enge na choo, basi.

Lakini wapi? Watu wa mtaa wa sokoni walisema wao wana soko. Wa mtaa wa shuleni wakasema wana watoto. Ikabaki Kiwanja cha Juu, uwanja wa nyasi katika mtaa wa pembeni, mtaa ambao haukuwa na kitu cha kujitetea.

Mwenyekiti wa mtaa huo alikuwa mtu mpole, msafi wa nguo, mwenye mwandiko mzuri hata wenye maduka wakamfuata awaandikie vibao. Yeye nitamwacha bila jina, ndivyo mifano inavyotaka. Mwanawe nitamtaja, na nitamtaja kikamilifu: Ambilikile Asegelile Mwaijande. Mwenye masikio atalisikia jina la baba humo humo, sina la kufanya. Kijana huyo alikuwa mfungwa katika gereza hilo lililobomoka, kwa kosa la kuiba nyaya za pampu ya maji. Baba aliwaambia watu kwamba kijana yuko machimboni. Watu walimwitikia kwa adabu, na wote walijua.

Habari ya gereza la muda ilipofika nyumbani, mkewe aliuweka ungo chini.

"Baba Ambilikile, wakijenga hapo juu nitakuwa namwona mtoto akipita na jembe. Hata kwa mbali."

"Na watu watamwona pia. Hilo umelifikiria?"

"Watu! Kwani watu ndio waliomzaa?"

Mume alichukua kofia yake akatoka, maana wenzake walikuwa wanamngoja.

Pale mtaani palikuwa na fundi bati mmoja, mtu wa maneno, naye ndiye aliyeleta shauri. "Serikali haijengi juu ya makaburi," alisema. "Tuwape makaburi." Na kweli, siku ya soko, mchana kweupe, mji mzima ukiwa sokoni, walipanda kiwanjani na majembe. Wakafanya matuta ya udongo, wakayazungushia mawe, wakapanda na maua. Wakasimika misalaba ya mbao. Ikabaki kazi ya majina.

"Andika ya kubuni," mmoja alisema.

"Mji huu tunajuana," akajibu mama mwenye kioski. "Jina lisilo na mtu litatuumbua. Na ukiandika mtu aliyekufa kweli, ndugu zake watauliza amefikaje huku."

Fundi bati akacheka. "Basi andika walioko gerezani. Nani atakuja kuwaulizia hao?"

Wakacheka wote. Mnanisikia, wapendwa? Walicheka! Kisha wakaanza kuwataja watu wao. Mama mwenye kioski alimtaja mpwa wake. Fundi bati akamtaja shemeji yake. Mwenyekiti alikuwa akiandika kwa rangi nyeusi, herufi zimenyooka kama za kibao cha duka. Ukabaki msalaba mmoja, na watu wakawa wanamtazama.

"Na huu je, mwenyekiti?" fundi akauliza, kwa upole mno. "Au wako bado yuko machimboni?"

Angeweza kuiweka brashi chini. Angeweza kusema, "Mwanangu yu hai." Alichovya brashi katika rangi, akaandika majina yote matatu, na rangi haikuchuruzika.

Mhandisi wa halmashauri alipokuja kukagua, alivua kofia, akainamisha kichwa, akaondoka bila kupima. Mtaa ukashangilia. Lakini akarudi na barua ya kibali. Makaburi yatahamishwa, alisema, na kwa heshima zote, kila ndugu asimame kando ya marehemu wake. Nani sasa angefungua kinywa aseme kwamba hapana marehemu? Siku ilipofika walisimama, kila mtu penye msalaba wake, wanawake wamejifunga kanga kiunoni. Wengine walianza kulia. Nami nawaambia, yalikuwa machozi ya kweli.

Kuna jambo moja ambalo watu wa mtaa ule hawakulifikiria. Katika mji ule kazi za kuchimba hufanywa na nani? Mitaro, mashimo ya taka, makaburi ya wasio na ndugu? Lori la gereza likapanda kilima, wafungwa wakashuka na majembe.

Askari aliyewaleta alikuwa mgeni, mtu wa kupenda utaratibu. Alikwenda kwenye msalaba wa kwanza, akasoma kwa sauti ili ndugu wasogee.

"Ambilikile Asegelile Mwaijande!"

Mfungwa hufundishwa jambo hili kabla ya mengine yote: jina lako likiitwa, itika.

"Nipo, afande!"

Kilio kikakatika kiwanja kizima.

"Nani kakuita wewe?" askari akafoka.

"Umeniita wewe, afande. Hilo ni jina langu."

Kijana akasogea na jembe lake begani. Aliutazama msalaba. Akamtazama mzee aliyesimama kando yake na kofia mkononi.

"Baba, huu ni mwandiko wako. Ndivyo ulivyokuwa ukiniandikia kwenye madaftari ya shule." Akalishusha jembe. "Nianze kuchimba?"



Mfano wangu unaishia hapo. Msiniulize gereza lilijengwa wapi. Niulizeni makaburi yako wapi, maana mengine yamo humu ndani. Kila Jumapili tunawaombea wagonjwa wetu kwa majina, na wasafiri kwa majina. Ni lini mmoja wetu alisimama hapa akamtaja mfungwa wake? Yuko machimboni, tunasema. Yuko kwa mjomba wake. Amepata kibarua mbali. Na sisi tunaoambiwa hivyo tunaitikia kwa adabu, kisha tunachekea mlangoni. Hivyo ndivyo tunavyozika watu ambao bado wanapumua, ili uwanja wetu usiguswe.

Iko siku yule anayetujua sote ataita majina. Nao wataitika, mbele yetu, kwa sauti kubwa. Tutakuwa tumeshika nini mkononi siku hiyo, kofia au brashi?

Kwaya ingoje kidogo. Fumbeni macho. Kila mmoja amtaje wake, kwa majina yake yote, na jirani asikie.