Blanketi Lililotagiwa na Kuku

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona sauti zimelala? Paukwa!

"Pakawa!"

Zamani hizo, kale ya kale, palikuwa na kijiji ambacho kipupwe kiliingia hadi kwenye mifupa. Hapo aliishi Bi Mwanasiti, mzee aliyejua kukasirika. Wengine hukasirika, vyungu vikavunjika. Yeye alikasirika, kazi ikaisha. Mpaka leo anakumbukwa kwa hilo.

Siku moja akaenda kumjulia hali shoga yake, Bi Hidaya, aliyekuwa mgonjwa. Akamkuta amejikunja kitandani, amejifunika gunia. Meno yanagongana, ka-ka-ka! Nje mapera yanaanguka yenyewe, pu! pu! Yanaoza, nzi wanakula.

"Wanao wako wapi, Hidaya?"

"Wana majumba yao, shoga."

"Na lile blanketi walilokuwa wakikufumia?"

Bi Hidaya akalivuta gunia hadi kidevuni. "Waligombana. Tabia alitaka pindo la maua, Mize akataka la mawimbi. Tabia akaondoka na blanketi, Mize akaondoka na uzi. Naogopa kuuliza, wasije wakagombana tena."

Bi Mwanasiti akasimama. "Mama anaogopa kuomba shuka kwa watoto aliowazaa! Mama!"

Huyoo! Akatoka, bakora inachapa ardhi, ko! ko! ko! Akafika kwa Tabia, binti mkubwa. Blanketi akalikuta kando ya jiko. Kuku amelitagia! Akamfukuza kuku, akalikung'uta.

"Shikamoo bibi, mbona..."

"Salamu zako ziweke. Twende!"

Ko! ko! ko! Akafika kwa Mize, mdogo mtu. Uzi unaning'inia darini, umefungiwa vitunguu.

"Bibi, nilikuwa namngoja dada aje aniombe radhi."

"Na baridi nayo ilikuwa inamngoja dada yako? Twende!"

Akawaketisha uani kwa mama yao. Akampa kila mmoja kijiti chenye ndoano, kwani walifuma kitanzi ndani ya kitanzi, ufumaji ambao ninyi leo mnauita kroshia. Vuta, pitisha. Vuta, pitisha. Kisha akainjika chungu cha mapera, sukari guru na mdalasini.

"Vidole vikichoka, korogeni."

"Mimi sijawahi kupika mapera ya kuweka akiba," akasema Mize. "Alikuwa akipika mama."

"Alipika, ukala. Leo pika wewe, ale yeye."

Vuta, pitisha. Tokota, tokota. Punde ugomvi ukaamka.

"Maua!"

"Mawimbi!"

"Maua, nimesema!"

Hakuna aliyekoroga. Chungu kikaungua, moshi ukatanda ua mzima. Bi Mwanasiti akakipiga teke, pwaa! Mapera meusi yakamwagika chini.

"Komeni! Baridi haiangalii pindo! Anzeni upya!"

Ndipo sauti nyembamba ikatoka ndani ya nyumba: "Wanangu, mimi nilitaka kujifunika tu."

Tabia akainamisha kichwa. Mize akaenda kuokota mapera mengine. Hakuna aliyetaja pindo tena. Vuta, pitisha. Tokota, tokota. Wakarudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka blanketi likatimia, halina maua, halina mawimbi. Na mapera yakaiva yakaganda, mekundu, yananukia mdalasini.

Wakamfunika mama yao. Wakamlisha kwa kijiko. Bi Hidaya akafumba macho, akameza taratibu.

"Ndiyo haya," akasema. "Ila sukari guru mmezidisha."

Mabinti wakacheka. Kicheko kikageuka kilio. Wakamwangukia Bi Mwanasiti miguuni.

"Utusamehe, bibi."

"Mimi sikuona baridi. Mwombeni aliyeiona."

Wakapiga magoti kando ya kitanda. Lakini Bi Hidaya alikwisha kuwasamehe zamani, na hilo ndilo lililozidi kumkasirisha Bi Mwanasiti. Akachukua bakora yake, akaenda zake bila kuaga.

Bi Hidaya alijifunika kipupwe hicho chote. Kilichofuata hakukiwahi; kilimkuta kaburini.

Basi jamani, mzazi hafunikwi kwa ahadi. Ukianza kumfumia, malizia angali anaona baridi.

Hadithi yangu imefika ukomo, na hapa ndipo ninapoiacha.