Siku Mikono ya Sekela Ilipofungwa

Asante ya mkono ni mkono. Mmemsikia wenyewe yule mama aliyewaletea uji mlipokuwa mkizibua mfereji wa shule. Mlimwambia akae kivulini, amesaidia vya kutosha. Yeye akachukua beleshi, akasema maneno hayo, akaingia mferejini pamoja nanyi. Sasa mnaniuliza kayatoa wapi.

Asante ya punda mnaijua, ni mateke. Hii ya mkono inatoka mbali kidogo. Mimi niliikuta Uporoto, kule juu, miaka ile nilipokuwa nikizunguka vijijini kununua pareto. Nawasimulia kama nilivyosimuliwa. Mkikuta mahali pamekolea chumvi, basi ni chumvi ya njiani. Ilizaliwa hivi.

Kilikuwapo kijiji kinachoitwa Lugombo. Ni kijiji cha baridi, watu wake wanalima viazi na pareto, na wanaishi na ukungu kama watu wengine wanavyoishi na majirani. Ukungu wa Lugombo haubishi hodi. Unaona jua, unainama kung'oa kiazi, unainuka, na jembe ulilolisimamisha mbele yako halipo tena. Ng'ombe anakuwa sauti tu. Mtu anakupita karibu, unamsalimia, na hujui kamwe ulimsalimia nani.

Ili kwenda sokoni ng'ambo, watu wa Lugombo hupita juu ya kilima kirefu, chembamba, kinachoitwa Mgongo wa Ng'ombe. Njia ni moja. Upande huu kuna mteremko wa majani, upande ule kuna genge, na chini ya genge sijasikia mtu aliyekwenda kuangalia akarudi na habari nzuri.

Pale njia inaposhuka kutoka mgongoni kuingia kijijini alikaa mwanamke mmoja, Sekela. Karibu na nyumba yake ilining'inia ringi ya gurudumu la lori juu ya nguzo mbili. Ukungu ukishuka, Sekela aliacha kila kitu, akashika kipande cha nondo, akaipiga ringi ile. Taratibu. Aliye juu ya mgongo alisikia, akaielekea sauti, akafika nyumbani. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemlipa. Ukimwuliza kwa nini anajitesa, alisema kwamba ukungu ukishuka hata magugu huyaoni, kwa hiyo kupalilia hakuwezekani, na yeye hapendi kukaa bure. Alisema hivyo akicheka, na mikono yake ikiwa imepasuka kwa baridi ya chuma.

Miaka ikapita. Mwaka mmoja viazi vilikubali sana, watu wakashiba, na mtu akishiba hukumbuka kushukuru. Mkubwa wa kijiji, Mzee Mwakalobo, akawaita watu akasema ni aibu, mwanamke huyu ametuita sote nyumbani na hatujamwita hata siku moja kula. Wakakubaliana wamfanyie sherehe ya kumpumzisha mikono.

Hiyo ni desturi yao, na ni heshima kubwa. Anayeshukuriwa anakalishwa kwenye kigoda, mikono yake inafungwa pamoja kwa kamba laini ya mgomba, maana yake leo hutagusa kazi. Analishwa, ananyweshwa maziwa. Kisha kila nyumba inasimama na kusema shukrani yake. Nyumba ya mwisho ikishasema, ndipo fundo linafunguliwa. Kulifungua kabla ni mwiko: inakuwa kama kumwambia mtu kwamba wema wake umepimwa, ukaonekana haufiki.

Basi wakamfunga Sekela asubuhi, jua likiwa zuri. Walikuwa wamewatuma wasichana watatu ng'ambo kununua blanketi zito la kumfunika mabegani mwisho wa sherehe. Aliyewaongoza ni Tupokigwe, binti ya Mwakalobo mwenyewe. Lilikuwa jambo la siri, ila Sekela alikuwa amekwisha kulijua, maana kila mtu aliyemsalimia wiki ile alimtazama mabega.

Shukrani zikaanza. Watu wa kule wanajua kusema. Mmoja alieleza jinsi alivyosikia ringi akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Mwingine alisema alipotea na ng'ombe wake, ng'ombe ndiye aliyesikia kwanza. Bwana mmoja, Mwaipungu, alikuwa ameandaa hotuba kwa muda mrefu, akaianzia tangu babu zake walipohamia. Maneno yakawa matamu, moshi wa vyungu ukapanda, na ukungu ukaja ukajichanganya na moshi ule. Hakuna aliyeona. Mwaipungu alipotea miguu, akapotea tumbo, kikabaki kichwa kinachosema, kisha sauti peke yake. Watu waliendelea kuitikia. Ilikuwa kama ndoto ambayo mtu hataki kuamshwa, kila mmoja ameketi ndani ya weupe, anasikiliza mambo mazuri yasiyo na mdomo.

Sekela ndiye aliyenyanyuka.

"Tata," alimwambia Mwakalobo, maana huko baba huitwa tata, "nifungue."

"Kaa, mama. Ukungu wa leo haukuhusu. Tuko hapa wote, mgongoni hakuna mtu."

"Na blanketi langu linakuja lenyewe?"

Mwakalobo akageukia Mgongo wa Ng'ombe, asiuone. Mwaipungu, huko alikokuwa, akaikatiza hotuba.

Mzee akalishika fundo. Wazee wenzake wakaona vidole vyake, wakamzuia: nyumba hazijafika hata nusu, akifungua sasa amemtukana mwanamke huyu mbele ya kijiji kizima. Akasimama pale, kamba iko vidoleni, mtoto wake yuko juu ya genge, na hakuvuta wala hakuachia. Walionisimulia walisema hawajawahi kumwona mtu mzima akiwa mdogo kiasi kile.

Sekela akamwondoa kwa kiwiko, polepole.

"Acha, tata. Mimi mmenifunga. Nyinyi nani kawafunga?"

Lo, watu wakaruka. Na hapa ndipo walipokosea, kosa la watu waliozoea kuokolewa. Kila mmoja alikimbilia kilichokuwa karibu. Huyu alishika sufuria, huyu ngoma, yule jembe na jiwe, wengine wakapanda upande wa macheo na wengine upande wa machweo, wakapiga wote kwa nguvu zao zote. Walidhani kelele nyingi ni msaada mwingi.

Baadaye wasichana wenyewe walieleza ilivyokuwa huko juu. Walikuwa wakisubiri ile sauti moja, na badala yake zikawajia sauti kutoka kila upande, mbele, nyuma, hata chini ya miguu, kana kwamba Lugombo imejaa dunia nzima. Tupokigwe aliamua kuifuata iliyo kubwa zaidi. Akanyoosha mguu, na mguu haukukuta kitu. Akaurudisha. Wakaketi palepale kwenye majani yaliyolowa, wakajifunika wote watatu lile blanketi la Sekela, wakashikana.

Chini, Sekela alikuwa amefika kwenye ringi, mikono imefungwa vilevile. Akasikiliza zile kelele, akamwambia Mwakalobo, "Wanyamazishe. Mnawazungusha watoto. Sauti iwe moja, itoke hapa."

Mzee akaita, na wito ukapokelewa mdomo kwa mdomo ndani ya ukungu mpaka sufuria ya mwisho ikanyamaza. Akaokota nondo. Akapiga kwa hofu aliyokuwa nayo, ringi ikalia kama kitu kinachoumizwa.

"Si hivyo," Sekela alisema. "Usipige kama unamfukuza mtu. Piga kama unamwita aje kula."

Mwakalobo akapiga hivyo. Akapumua, akapiga tena. Chuma kilikuwa baridi mpaka kinauma, na kila pigo lilirudi mkononi likapanda begani. Hata muda wa chungu cha viazi kuchemka haukuwa umepita, na mkono wake ulikuwa umekwisha kukataa. Akajaribu mwingine, nao ukakataa. Ndipo akamtazama Sekela. Alikuwa amemshukuru asubuhi nzima bila kujua anashukuru nini.

Mtu wa nyumba ya jirani akamtoa nondo mkononi, akaendelea. Akichoka, akapokea mwingine. Wakajipanga, nyumba baada ya nyumba, hata wale ambao zamu yao ya kusema haikuwa imefika, hata bibi mmoja aliyepiga mara chache tu huku mjukuu amemshika kiuno. Mwaipungu alipofika alipiga kidogo akaanza kutweta, na sauti ya mwanamke ikatoka kwenye weupe: "Mwaipungu, hotuba ndefu vile, mkono mbona mfupi?" Watu wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa chini chini, kisije kikaifunika ringi.

Juu ya mgongo, Tupokigwe alisikia kelele zikizima moja moja, kama taa za kijiji watu wanapolala. Ikabaki moja. Aliwaambia wenzake, "Hiyo siyo Sekela." Haikuwa na mkono wa Sekela, ilikuwa ikibadilika, mara nzito, mara nyepesi, mara inasitasita. Lakini ilikuwa mahali pamoja, na ilikuwa inaita. Wakainuka, wakaifuata, wameshikana blanketi lile kama kamba.

Zamu ilikuwa imemrudia Mwakalobo walipotokea. Nywele zao zilikuwa nyeupe kwa umande, ungedhani ni bibi watatu wanarudi kutoka ujana wao. Mzee hakuwaona, alikuwa amefumba macho anapiga. Tupokigwe akasimama kando yake.

"Tata, tumefika."

Akapiga mara moja tena, labda mkono haukuamini. Kisha nondo ikamponyoka.

Mmoja wa wale wazee akakumbusha kwamba shukrani bado, warudi vigodani nyumba zilizobaki ziseme. Mwakalobo akatikisa kichwa. "Kila nyumba imesema," alisema. Akalifungua fundo mbele yao wote, na hakuna aliyelalamika. Blanketi lilikuwa limelowa chapachapa, halifai kumfunika mtu, wakalianika.

Ukungu wa Lugombo haukujua kwamba kuna sherehe iliyopita. Baada ya siku chache ulishuka tena, alfajiri, mzito. Sekela aliamka, akavaa, akapapasa mlango. Kabla hajaufungua akasikia ringi. Ilikuwa inapigwa vibaya kidogo, na mtu anayejifunza. Akasimama pale, mkono uko kwenye komeo, akasikiliza mpaka alipotambua kwamba mpigaji amebadilika na mwingine amepokea.

Akarudi kitandani. Walisema ilikuwa mara yake ya kwanza kulala ndani ya ukungu, na kwamba alijua sasa ringi inasikikaje ukiwa umelala: kama mtu anakuita kula, na hujachelewa.

Basi ndiyo hiyo. Pale Lugombo ukisaidiwa kubeba mzigo, husemi neno, unashika upande wa pili wa mzigo wa mwenzako. Wakiulizwa na wageni, wanajibu kama alivyowajibu yule mama kwenye mfereji wenu: asante ya mkono ni mkono.