Kiboko na Omu Ishirini

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa gurudumu mtoni, waya mtini, na Sange mwenye pua ndefu chini!

Basi hapo kale, si kale sana maana waya zilikuwapo, wanyama wa bonde moja walitega gurudumu kwenye maporomoko ya maji. Charr-charr, charr-charr, gurudumu likazunguka, umeme ukaja, volti mia na ishirini. Fundi wao alikuwa Sange, kamnyama kadogo kama panya, pua ndefu kama kamkonga. Kadogo, jamani! Ukikatia kwenye kikombe, kanaenea na mkia wake. Lakini kwa hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali.

Mkubwa wa bonde alikuwa Kiboko. Alikuwa na hodhi la kuogea, na ndani yake koili ya kupashia maji. Siku moja maji yakawa vuguvugu tu. Kiboko akafoka, "Bwaa! Nguvu zangu zinaliwa! Jua likifika utosini, waya za watu wote zikatwe!"

Mama Kanga aliposikia, akamkimbilia Sange. Alikuwa na mayai thelathini, hawezi kuyalalia yote, na mengine yalitegemea joto la taa moja ndogo. Ilibaki siku moja tu yaanguliwe.

"Fundi wangu," akalia, "taa ikizimika, watoto wangu watafia ndani ya maganda."

Sange akayatazama mayai. Moja lilikuwa linagongwa kwa ndani, tok-tok, tok-tok. Roho ikamuuma.

"Nyamaza, mama. Niachie mimi."

Tip-tip-tip, huyo kwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umeleta mkasi?"

"Nimeleta kipimo."

Sange akanusa, akapima, akapiga hesabu. "Volti mia na ishirini, ampea sita. Nikizizidisha napata wati mia saba na ishirini. Hizo ndizo nguvu zako."

"Chache!"

"Sasa nikigawanya, mia na ishirini kwa sita, napata ukinzani. Omu ishirini."

Kiboko akainuka, maji yakamwagika. "Ukinzani? Nyumbani kwangu?"

"Umo ndani ya koili, Bwana Mkubwa."

"Na wako ishirini?"

"Ishirini kamili."

"Tangu lini wananikinza, washenzi hao?"

"Tangu siku ya kwanza ulipowasha."

Na hapo Sange hakusema uongo hata punje. Ndiyo maana nampenda.

Kiboko akahema. "Nikifukuza kumi?"

Sange akanusa, akapiga hesabu. "Zikibaki kumi, ampea kumi na mbili. Wati elfu moja mia nne na arobaini."

"Wakibaki watano?"

Sange akanusa, akapiga hesabu. "Ampea ishirini na nne. Wati elfu mbili mia nane na themanini."

Mate yakamchuruzika Kiboko. "Basi asibaki hata mmoja!"

"Hata mmoja? Una hakika, Bwana Mkubwa?"

"Hata mmoja! Ila watakimbilia wapi?"

Sange akakuna pua. "Sijui. Ila taa ya Mama Kanga nimeipima. Mia na ishirini kugawanya kwa nusu ampea, omu mia mbili na arobaini."

Kiboko akacheka mpaka masikio yakatikisika. "Mia mbili na arobaini! Masikini, nyumba nzima waasi! Basi waya wake usiguswe, wala wa mtu yeyote. Wakae huko huko, mbali nami!"

"Umesema wewe, Bwana Mkubwa."

Kwanza Sange alifunga fyuzi mwanzoni mwa waya wa Kiboko, kauzi kembamba kanakokatika ampea zikipita kumi, ili gurudumu la watu lisije likaungua. Kisha akatoa koili, na mahali pake akaweka kipande cha shaba kinene kama mkia wa mwenye nyumba.

"Toka majini kwanza, Bwana Mkubwa. Kisha washa mwenyewe, heshima ni yako."

Kiboko akatoka, akavimba, akabonyeza swichi.

PAA!

Moshi, fyuuu. Kisha kimya. Maji yakaanza kupoa.

"Fundi! Si tumewatoa wote?"

"Tumezitoa zote."

"Mia na ishirini ukigawanya kwa sifuri ni ngapi?"

"Hiyo haina jibu, Bwana Mkubwa. Ndiyo ile PAA uliyoisikia. Kuirudisha koili na kutengeneza fyuzi nyingine ni kazi ya siku mbili."

Siku mbili Kiboko akaoga maji baridi, brrr, brrr, meno yakigongana. Kwa Mama Kanga taa ikawaka, maganda yakapasuka, pasu! pasu! Vifaranga thelathini, hakukosekana hata mmoja. Yule aliyekuwa akigonga tok-tok alitoka wa kwanza, na mama yake akamwita Ukinzani.

Mnataka funzo? Ukinzani ni mbaya, wanangu. Mkubwa akisema toa wote, toeni wote, tena hapo hapo, na hesabu msipige kabisa.

Hadithi yangu imezimika hapo. Kama imewaka, mwanga ni wetu sote. Kama imepiga shoti, niachieni mimi niliyeushika waya.