Nadhiri ya Mwajabu

Sogeeni. Mwenye haraka na aende zake, maana hili nimelibeba peke yangu na limenichosha.

Kule Mlalo kuna mpiga picha, Semkiwa, aliyejaliwa jicho lisilopitwa na kitu. Kuna Zaituni, huyo kajaliwa ukaidi. Na kuna Daktari Kiluwa, mtu wa subira, akishika kitu hakiachi mpaka aridhike. Wote watatu walikutana kwa mtoto mmoja, Saumu, binti wa Mwajabu, miaka miwili.

Semkiwa aliwapiga mama na mwana picha ya Idi. Anaisafisha kwenye kompyuta, akaona mboni moja ya Saumu imetoka nyeupe. Siku zote mboni ikiharibiwa na mwanga wa kamera huipaka nyeusi, mteja akafurahi, yakaisha. Safari hii moyo ulimkataa. Akafunga duka, akapanda mlima kwa miguu mpaka kwa Mwajabu.

"Dada, picha bado," alisema. "Mpeleke huyu mtoto akapimwe macho, leo leo."

Hospitali wakasema ni saratani, imo ndani ya jicho, na jicho litolewe kabla haijasambaa. Mwajabu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Palepale kwenye benchi, mbele za watu, akaweka nadhiri: mtu mmoja atakayemwokoa Saumu ndiye atakayempa jina huyu wa tumboni.

Baba mtoto akakataa kutia saini. "Mtoto wa kike chongo, ataolewa na nani?"

Akainuka dada yake, huyo Zaituni, ambaye hajajaliwa kuzaa. Alijifunga kitambaa jicho moja, na siku mbili nzima akamganda kaka yake. Akachambua mchele mbele yake, akatunga uzi kwenye sindano, akachanja kuni. "Haya kaka, nimepungukiwa nini?" Siku ya tatu kaka mtu alitia saini huku analia.

Daktari Kiluwa akalitoa jicho. Wapo ambao wangeishia hapo. Yeye, Saumu akiwa bado kwenye dawa ya usingizi, alilikagua na la pili, akarudia, akakuta chembe pembeni kabisa, akaichoma kwa miale. Leo Saumu anafukuza kuku uani.

Sasa mdogo wake amezaliwa, na kesho ni siku ya saba, siku ya kupewa jina. Semkiwa amekuja na jina la marehemu mama yake. "Bila mimi mngejua lini?"

"Kujua walijua," Zaituni akamjibu, "na bado kaka aligoma." Naye ana jina lake, alilitunza kwa ajili ya binti ambaye hakumpata.

Daktari kapigiwa simu, kasema hataki kitu, ile ni kazi yake. Lakini nadhiri haikusema anayetaka, ilisema aliyeokoa. Mume anashauri mtoto apewe majina yote. Mwajabu anamkumbusha kwamba alitamka mtu mmoja.

Mwajabu hatulii. Ananyonyesha amesimama. Anaogopa akimpa asiyestahili, nadhiri imevunjika, na mwezi ujao Saumu anarudi kupimwa hilo jicho moja lililobaki. Anamwita, anamshika kidevu, anamgeuzia dirishani, anatazama mboni. Nyeusi. Anamwachia akacheze, kisha anamwita tena.

Kesho shehe atauliza jina mara moja tu. Je, wewe, angekuwa Saumu wako, ungemwambia nani alitaje jina?