Hodi Ubavuni mwa Boti

Mwalimu mkuu mmoja alistaafu, wapendwa, na watoto wake wakaona wamfanyie jambo la maana. Wakamkodia boti ya matanga, ile ya kitalii yenye vitanda na jiko ndani na nahodha wake, azunguke visiwa na mama yao wiki nzima. Mnacheka? Mngepewa ninyi mngekataa? Mwalimu naye alifurahi. Ila kabla ya kuondoka alizima simu akaifungia kabatini, na mkewe akaambiwa aache yake pia. Alisema anataka kupumzika. Ukweli ni kwamba kwa siku mbili mke wa mdogo wake alikuwa anapiga, na hakutaka kupokea.

Sasa huyo mdogo wake. Walizaliwa wawili tu. Miaka minne nyuma mama yao alifariki, na mdogo mtu akafika mazishini kaburi limeshafukiwa. Alieleza kwamba basi liliharibika njiani, lakini kaka hakutaka maelezo. Mbele ya waombolezaji wote alisema, "Huyu simjui." Tangu hapo hawakusemezana. Wazee walitumwa, mchungaji alitumwa, mwalimu akakaza shingo.

Siku ya kwanza ya safari walitia nanga kwenye kisiwa kisicho na mtu, minazi na kaa tu. Saa sita mchana upepo ulikatika, bahari ikatulia kama maji ya beseni. Mkewe alikuwa amelala ndani. Mwalimu ameketi na kofia usoni, mara akasikia chini ubavuni mwa boti, usawa wa maji, mtu anabisha.

"Ho... ho... hodi."

Akainuka, akachungulia. Maji yalikuwa maangavu, mchanga wa chini unaonekana, hata samaki hayupo. Hapakuwa na mtumbwi wala mwogeleaji. Na sauti aliijua. Katika ukoo wao mzima mtu mmoja tu alikuwa na kigugumizi, na tangu utotoni neno hilo ndilo lililomkwama kuliko yote, hadi mama yao alikuwa anamfungulia mlango kabla hajalimaliza.

Akamgeukia nahodha, aliyekuwa anakunja tanga, akamuuliza kama amesikia chochote.

"Nimesikia, mzee," nahodha akasema. "Lakini hodi ile si yangu. Mwitikie mgeni wako."

"Nimwitikie nani, na hakuna mtu?"

Nahodha aliendelea kukunja tanga lake.

Kesho yake wako kisiwa kingine, mbali na kile. Saa ile ile, ubavu ule ule, hodi ikaja tena. Safari hii ilikuwa dhaifu, ya mtu aliyechoka kusimama. Mwalimu alifumba mdomo mpaka ikapita. Chakula alikirudisha jikoni, akamwambia mkewe ni jua. Nahodha alipomletea chai, alimwambia kwa upole kwamba kwao mgeni hubisha mara tatu, asipoitikiwa huenda zake, na hakuna anayemlaumu.

Siku ya tatu mwalimu aliamua kujibu. Asubuhi yote alikuwa na neno moja mdomoni: karibu. Aliketi mapema ubavuni mwa boti. Alimpenda mdogo wake, msifikiri hakumpenda. Saa sita ikafika, upepo ukakatika, tanga likalegea.

"Ho... ho..." Ilichukua muda mrefu. "Hodi."

Akafungua mdomo. Akakumbuka kaburi, akakumbuka macho ya watu siku ile, na shingo ikakaza yenyewe. Kilichotoka ni sauti ya mwalimu mkuu aliye ofisini kwake.

"Nani?"

Maji yakanyamaza. Walisubiri, yeye na nahodha, mpaka jua likageuka. Hakuna aliyebisha tena wiki nzima.

Waliporudi alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, hata mizigo haijashushwa. Akakuta turubai uani, na watu wanaanua matanga. Neno ni lile lile, wapendwa, na yeye alikuwa anatoka kwenye matanga ya boti. Mjane akampisha kwenye mkeka. Hakumlaumu. Alieleza tu kwamba ugonjwa ulikuja ghafla, wakapiga simu, wakachoka kupiga.

"Siku tatu za mwisho, shemeji, kila saa sita alikuwa anapiga hodi pale kitandani. Tunamwambia karibu, karibu baba, uko kwako. Anatikisa kichwa, si sisi anaotubishia. Siku ya tatu akapiga, akatega sikio. Halafu akasema, hata kigugumizi hakikuwepo, 'Kaka ananiuliza mimi ni nani.' Akageukia ukutani."

Sasa sisi. Sisi tunataka ndugu aje kwanza, aeleze, apige magoti, ndipo tufikirie. Anabisha, sauti yake tunaijua tangu tumboni mwa mama, na bado tunauliza nani. Humu ndani wapo wanaochagua benchi baada ya kuangalia mwenzao amekaa wapi. Nawaona kutoka hapa mbele, msiinamishe vichwa. Na kila Jumapili sisi hao hao tunakuja kumbishia Mungu hodi, tunakwama na dhambi zetu mdomoni, tukitegemea atufungulie kabla hatujamaliza neno.

Siku akituuliza "Nani?", tutamjibu nini?