Kiwiko cha Mfereji

Wapendwa, nyie mnaolima kwa maji ya mfereji mtanielewa upesi. Nyie wa maji ya bomba, nivumilieni kidogo.

Huko milimani, katika kitongoji kimoja kidogo, aliishi mkulima wa maharage ambaye hakuna aliyemshinda kwa kukijua kitongoji chake. Ukimuuliza kwa nini bonde la chini linaitwa Majivuni, atakutajia mwaka nyumba saba zilipoungua, na moto ulianzia jikoni kwa nani. Atakuonyesha mahali kanisa la kwanza la nyasi liliposimama, na njia ya zamani ya kwendea mnadani kabla daraja halijajengwa. Ofisi ya kijiji ilipotaka kuandika historia ya mahali pale, aliitwa nani? Ni yeye. Alivaa koti, akakaa kwenye kiti, akaeleza kutwa nzima. Na kila alipomaliza jambo moja alirudia, "Sisi ndio wenyeji. Mfereji huu walichimba babu zetu."

Kulikuwa na kitu kimoja tu asichokijua. Mfereji wao ulitoka msituni ukateremka umenyooka vizuri, halafu katikati ya mteremko ulikata kushoto, ukazunguka mahali pasipo na kitu ila nyasi, kisha ukarudi kwenye njia yake. Watu walipaita Kiwiko. Alipoulizwa ofisini habari za Kiwiko, alicheka. "Pale nadhani wachimbaji walikuwa wamekunywa," alisema.

Alicheka, lakini Kiwiko kilikuwa kinamuumiza. Shamba lake lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji, na pale kwenye kona ya Kiwiko ardhi ni ya kichanga, maji yanazama. Zamu yake ikifika, anapata maji kidogo ya kulowesha visigino. Maharage yake yalikuwa yanatoa maua na kuyaangusha, yanatoa na kuyaangusha. Basi, kwa kuwa ndiye katibu wa kamati ya mfereji, aliwashawishi wenzake wakinyooshe Kiwiko, nao wote wakakubali.

Wiki hiyohiyo akajiwa na mama mmoja mgeni. Mama huyu alikuwa amehamia mwaka uliotangulia, akapewa kipande cha juu kule kwenye mawe, ambacho hakuna mwenyeji aliyekitaka. Mumewe aliangukiwa na gogo akapooza kuanzia kiunoni, akawa mtu wa kulala ndani. Mke anateremka na ndoo, anapanda na ndoo. Maji ya kumwogesha mume, maji ya kupikia, maji ya vile vitalu vyake viwili vya mboga, yote kichwani mwake.

"Baba katibu," alisema, "mfereji ukikatwa juu kidogo, karibu na msitu, ukazungushwa kilimani, unaweza kupita mlangoni kwangu. Hata nikipata siku moja kwa wiki, itanitosha."

"Pole sana, mama," mkulima akamjibu, na kwa kweli alimwonea huruma. "Lakini mfereji unapita hapo unapopita tangu enzi za babu zetu. Hatuwezi kuuzungusha mlima kwa ajili ya nyumba moja. Anayetaka maji huyafuata."

Mama akashukuru, akainua ndoo yake, akapanda.

Sasa niulize, mkulima yule alikosea wapi? Hakumtukana. Hakumfukuza. Tena alimwambia pole. Wangapi humu ndani tungemjibu hivyohivyo, na usiku tukalala vizuri?

Siku ya kunyoosha Kiwiko ikafika. Desturi ya kitongoji kile ilikuwa kwamba mfereji hauguswi mpaka awepo mtu mkongwe kuliko wote wa upande wa chini. Na huyo alikuwa bibi mmoja, kasoro kidogo atimize miaka mia, sikio moja limekufa lakini ulimi mzima. Walimleta kwa bodaboda, amemkumbatia dereva kiunoni, anamgombeza njia nzima. Wakamkalisha juu ya debe lililogeuzwa, wakampa kikombe cha uji, kazi ikaanza.

Wenzake walipokuwa wanachimba mtaro mpya, mkulima akaenda kutafuta mawe ya kuzibia njia ya zamani. Katika zile nyasi za kwenye kona akakuta mawe matatu, ukubwa mmoja, yamesogeleana. Akainama, akanyanyua moja.

"Hayo usiyabebe," bibi akasema.

"Ni mawe tu, bibi."

"Ni mafiga. Mwanamke alipikia hapo."

Mkulima akaligeuza lile jiwe. Upande wa ndani lilikuwa jeusi. Yeye, aliyejua moto wa Majivuni ulianzia jikoni kwa nani, hakuwahi kusikia kwamba hapa palikuwa na jiko. Akalirudisha chini polepole.

"Mwanamke gani, bibi?"

Bibi akanywa uji wake kwanza. "Mwaka wa njaa alikuja mwanamke kutoka tambarare. Mtoto mgongoni, mguu mmoja umevimba, haukanyagi. Alikaa hapa kwa sababu hapa ndipo aliposhindwa kuendelea. Wengine wakasema, basi ateremke kwenye maji kama watu wote. Baba mkwe wangu akasema, huyu hana miguu, maji yanayo. Yaleteni. Mimi nilikuwa bibi harusi, sijamaliza hata mwezi, nikatwikwa kikapu cha udongo! Siku kumi na moja, mwanangu, na tumboni hatuna kitu ila majani ya maboga. Tulinung'unika. Mimi nilinung'unika kuliko wote. Na mwaka ule maharage yetu ya mwisho wa mfereji yalikuwa na hali mbaya kama haya yako."

"Na mtoto?"

"Mtoto alikua. Mchapakazi, mpole. Mama yake alipofariki akaoa hapahapa, akajenga kule mwisho. Akatuomba tusiwaambie watoto wake, wasije wakaitwa watoto wa mgeni. Tukanyamaza. Sasa yeye ameshazikwa, na mimi naelekea hukohuko, nimnyamazie nani tena?" Akamtazama mkulima kwa upole ambao wengi hawakuwahi kuuona usoni pake. "Una kicheko chake. Ndiye baba yako."

Mkulima akakaa chini kwenye udongo. Akalia, mtu mzima, mbele ya kamati yake. Alikumbuka lile koti na ile siku ya ofisini. Akamkumbuka yule mama akiinua ndoo. Anayetaka maji huyafuata! Yeye mwenyewe, na baba yake, na watoto wake wanne, wote wako hai kwa sababu maji yalimfuata mtu.

Akasimama ghafla. "Acheni!" akapaza sauti. "Msichimbe tena. Kiwiko kibaki. Tukijengee kwa saruji, tuweke na kibao chenye jina la bibi yangu mzaa baba, na kila mwaka tuje hapa tushukuru."

Wapendwa, mngesema amina, sivyo? Hata mimi ningesema, na mahubiri yangeishia hapo, tukaimba.

Lakini bibi aligonga kikombe chake kwenye debe. "Kibao cha nini? Siku hizi nani anakunywa maji hapa? Panzi? Hatukuchimba kona hii ili mje kuitazama! Palikuwa na mtu. Sasa hayupo. Nyoosheni!" Akainua mkono wake mkavu, akaonyesha juu, kule kwenye mawe. "Na maji mtakayookoa hapa, unajua nani anayataka. Hayo mafiga sasa yabebe."

Mkulima akayatia yale mawe matatu kwenye gunia, akajitwika, jembe mkononi, akapanda. Yule mama alikuwa mlangoni anamenya viazi. Alipomwona katibu anakuja na jembe, alisimama kwa hofu.

"Baba katibu, kama nimechota kwenye zamu ya mtu, nisamehe. Nitakuwa nachota watu wakishamaliza."

Mkulima akatikisa kichwa. Akashusha gunia, akayapanga mafiga karibu na mlango, moja moja. Kisha akachukua jembe, akachora mstari kwenye udongo, hatua mbili tu kutoka kizingitini.

"Utapita hapa, mama. Mzee atakuwa anausikia akiwa kitandani."

Mama akautazama ule mstari. "Mtauzungusha mlima kwa ajili ya nyumba moja?"

"Ulishawahi kuzungushwa," akasema mkulima, na machozi yakamtoka tena.

Haya, sasa tuongee na sisi. Nani kati yetu hakupindiwa mfereji? Wewe uliyefika mji huu na begi moja, mtu akakupa chumba. Wewe uliyelala hospitali, watu wakapokezana kukuletea chakula. Na Mungu wetu, je, alikaa juu akatuambia tumfuate kwa miguu tuliyokuwa hatuna? Alikuja mpaka mlangoni. Tunalijua hilo, tena tunalisimulia vizuri mno. Kila Jumapili tunasimama na ushuhuda, tunakijengea Kiwiko chetu kwa saruji, tunaweka na kibao. Na nyumba ya kule juu kwenye mawe bado inateremka na ndoo, inapanda na ndoo, na sisi tunaiambia pole.

Labda mnataka kujua maharage ya yule mkulima yalikuwaje. Msimu ule hayakuwa na nafuu hata kidogo, kwa sababu maji yaliyookolewa Kiwikoni yalikwenda juu. Sitawadanganya kwamba kumpindia mtu mfereji hakumgharimu mtu kitu. Bibi alinung'unika siku kumi na moja, na bado alibeba kikapu chake. Na sisi tunaruhusiwa kunung'unika, ili mradi tuko tunachimba.

Kwa hiyo ibada ikiisha nitakuwa pale mlangoni. Leo msinipe mkono mkaniambia mahubiri yalikuwa mazuri. Mmemkumbuka mtu mmoja wakati nasema, nimeona nyuso zenu. Niambieni jina lake, na siku gani tunakwenda na majembe.